Maradhi ya Akili, Ulevi na Hatari ya Kujiua: Somo kwa Vyama vya Msingi

Lengo la somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na makatibu wa vyama vya msingi na kujadiliwa na wanachama katika vikundi. Masomo yaliyozoeleka katika kurasa hizi ni ya utunzaji wa vitabu, ubora wa korosho na uwekaji wa akiba. Safari hii linalozungumzwa ni uhai wa mwanachama mwenyewe. Hisa, kilo na mikopo huandikwa kwa majina ya watu walio hai, na jina linapofutwa daftarini kwa sababu ya kifo ambacho kingeweza kuzuiwa, chama kimepata hasara isiyoweza kulipwa na bima yoyote.

Mwisho wa somo, kila mshiriki atazamiwa kuweza:
(a) kueleza jinsi maradhi ya akili na ulevi yanavyoongeza hatari ya mtu kujiua;
(b) kutambua dalili zinazoonekana katika shughuli za chama;
(c) kutaja hatua ambazo katibu, kamati na wanachama wanaweza kuchukua.

1. Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua duniani kote. Kati ya kila 100 waliokufa hivyo, 73 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi za wakulima na wafanyakazi wadogo, Tanzania ikiwamo. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Wanaume hufa kwa njia hii zaidi kuliko wanawake. Na kwa kila anayekufa, wapo wengine wengi waliojaribu wakanusurika.

Kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili ni la Ulaya au la watu waliokwisha kushiba. Limo vijijini, nalo hufichwa. Familia husema marehemu aliugua ghafla, majirani huinamisha vichwa, na mazungumzo huishia hapo.

Tanzania ina historia nzuri ya kuondoa ujinga wa maradhi kwa njia ya vikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kuzunguka redio zao, wakajifunza juu ya malaria, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Maradhi ya akili nayo yanastahili kikao cha namna ile ile, kwa kuwa mtu ni afya yake yote, ya mwili na ya akili.

2. Maradhi ya akili yanavyoleta hatari

Watu wengi wanaposikia neno maradhi ya akili humfikiria mtu anayetembea uchi sokoni. Picha hiyo imepotosha wengi. Maradhi yanayohusika zaidi na kujiua ni sonona, ambayo haina kelele. Mtu wa sonona hukaa kwa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni nzito, au akiwa amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Usingizi humpotea au humzidi, chakula hakipiti, nguvu za kushika jembe hazipo, naye hujilaumu kwa makosa makubwa na madogo. Baadhi ya wagonjwa huanza kuamini kwamba watoto wao wangekuwa afadhali bila wao. Imani hiyo ni dalili ya ugonjwa, kama vile joto la mwili lilivyo dalili ya malaria, wala si hukumu ya kweli juu ya maisha ya mtu.

Yapo pia maradhi ya hisia mseto, ambayo humpandisha mtu katika furaha na nguvu zisizo na mpaka, kisha humshusha katika huzuni. Ipo na skizofrenia, ambayo humfanya mgonjwa asikie sauti au aamini mambo ambayo wengine hawayaoni. Yote haya huongeza hatari.

Hata hivyo, mambo matatu yashikwe kwa makini. Kwanza, walio wengi miongoni mwa wagonjwa hawa hawajiui, na wengi hupata nafuu kwa matibabu. Pili, katika nchi tajiri, uchunguzi wa maisha ya waliojiua umeonyesha kwamba takriban 90 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa fulani wa akili. Katika sehemu za Asia idadi hiyo imekuwa ndogo, kwa maana huko wengi hujidhuru kwa pigo la ghafla kama ugomvi, aibu au deni. Kwa hiyo asidharauliwe mwenye uchungu kwa sababu tu haonekani mgonjwa. Tatu, mtu aliyewahi kujaribu kujiua yumo katika hatari kubwa kuliko wengine, na majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili ni ya kuangaliwa sana. Desturi ya kumpokea mgonjwa kwa shangwe siku moja na kumsahau siku ya pili haifai.

Wapo wanaopeleka maradhi haya kwa mganga. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 waliofika kwa waganga wa jadi, 48 walikuwa na maradhi ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Katika zahanati na vituo vya afya walikuwa 24 kati ya 100. Maana yake ni kwamba mganga humwona mgonjwa wa aina hii mara nyingi kuliko tabibu. Haifai basi kumtukana mganga. Yafaa aalikwe katika kikao, aelezwe dalili za hatari, na aombwe kumwelekeza mgonjwa hospitali bila kumchelewesha.

3. Pombe na dawa za kulevya

Ulevi huongeza hatari kwa njia tatu, na kila moja huitia nguvu nyingine.

Njia ya kwanza ni kuondoa breki. Mtu mwenye uchungu akiwa hajalewa huweza kuahirisha wazo baya hadi asubuhi, na asubuhi hukuta wazo limepungua. Akiwa amelewa, ule uwezo wa kuahirisha humtoka. Njia ya pili ni kuzidisha huzuni yenyewe. Pombe humchangamsha mnywaji kwa saa chache, kisha humrudisha chini kuliko pale alipoanzia, naye hunywa tena ili apande. Njia ya tatu ni kuvunja nguzo zinazomshikilia mtu, yaani fedha, ndoa, heshima na kazi.

Katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha vinywaji havikosekani. Upo mnazi, ipo pombe ya mabibo msimu wa korosho, na ipo gongo, ambayo mnywaji hajui ukali wake mpaka imekwisha kumwangusha. Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa bei yake ndogo ilikuwa imewafikia hata vijana wa shule. Marufuku hiyo ilisaidia, lakini haikuondoa kiu.

Bangi nayo haifai kuitwa majani tu. Kwa baadhi ya vijana, hasa wanaoivuta mapema na kwa wingi, huongeza hatari ya kupatwa na ugonjwa wa kuchanganyikiwa. Ama heroini, ambayo vijana huiita unga, humfunga mtumiaji kwa maumivu ya arosto kila anapoikosa. Hapa pana habari njema. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na baadaye huduma hiyo ikaenezwa Mwananyamala, Temeke na mahali pengine. Mraibu hunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu, arosto hutulia, naye huweza kurudi kazini. Uraibu, basi, ni ugonjwa unaotibika.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani na kunyimwa pombe kwa ghafla. Anaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwapo, kupatwa na degedege na hata kufa. Kuacha kwake kusimamiwe na tabibu.

4. Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Haumhusu mtu yeyote wala chama chochote.

Mwanachama mmoja, mkulima wa korosho na muhogo upande wa Maneromango, alikuwa hodari wa kuhudhuria mikutano. Alichukua mkopo wa salfa na mashine ya kupulizia, na mwingine wa ada ya mtoto. Ubwiriunga uliishambulia mikorosho yake, mavuno yakawa haba, na makato ya mkopo yakamwachia kidogo sana. Katika mkutano mkuu, majina ya wadaiwa yalisomwa kwa sauti. La kwake lilikuwa la nne. Watu wa nyuma walicheka.

Tangu siku hiyo hakuonekana tena mizanini, alimtuma mtoto. Alianza kunywa tangu mchana. Mkewe alisema tu kwamba mzee hana usingizi. Miezi miwili baadaye alifika ofisini asubuhi, amenyoa ndevu, ametulia. Alilipa deni dogo la shilingi 3,000 ambalo hakuna aliyekuwa akimdai, akarudisha mashine ya kupulizia ingawa msimu haujaisha, akaomba jina la mrithi wake lihakikishwe katika daftari. Alipoulizwa sababu alijibu, "Sitaki kumwachia mtu tabu."

Katibu, mwanamke wa umri wa binti yake, alikwisha kuandika risiti. Angeweza kuichana, kumpa na kumtakia siku njema, maana vitabu vilikuwa sawa. Badala yake aliweka kalamu chini, akafunga mlango, akasema:

"Baba, maneno hayo yananitia hofu. Je, umefikiri kujitoa uhai?"

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimefikiri, mwanangu."

Katibu hakumkemea, wala hakumwambia kwamba ni dhambi, wala hakumhesabia watoto wake. Alimwambia, "Ahsante kwa kunieleza, Baba. Hatutakuacha peke yako leo." Kwa ridhaa ya mzee aliitwa shemeji yake, wakaenda pamoja kituo cha afya, na kutoka hapo wakaelekezwa hospitali. Viuatilifu vilivyokuwa nyumbani viliondolewa siku ile ile vikatunzwa ghalani. Kamati iliupanga upya mkopo wake kwa misimu miwili. Katika msimu uliofuata alirudia pombe mara moja, akarudishwa kliniki, akaendelea na dawa. Leo yumo mizanini mwenyewe, na mkopo bado anaulipa.

Wasomaji waangalie jambo moja. Siku aliyokuwa katika hatari kubwa ndiyo siku aliyoonekana mtulivu na mwaminifu kuliko zote. Mtu aliyekuwa na uchungu akitulia ghafla bila shida yake kutatuliwa, aulizwe.

5. Dalili zinazopita mbele ya meza ya katibu

Daktari humwona mgonjwa anapofika hospitali. Katibu humwona mwanachama kila msimu, naye ana kumbukumbu zake kwa maandishi. Dalili hizi zifaa kuangaliwa:

(a) mwanachama aliyekuwa akihudhuria kukoma kuhudhuria, au kutuma watoto siku zote;
(b) kutoa akiba yote bila haja inayoeleweka;
(c) kugawa au kurudisha vitu, kulipa madeni madogo kwa haraka, kushughulikia urithi kwa ghafla;
(d) maneno kama "nimekuwa mzigo", "nimechoka na dunia", "mtanikumbuka";
(e) kunywa kuliko zamani, kujitenga, kuacha kujitunza;
(f) pigo la karibuni, yaani kufiwa, kuachwa, kushitakiwa, kufilisika, kupata habari ya ugonjwa mkubwa.

Dalili moja pekee haitoshi kumhukumu mtu. Zikikutana mbili au tatu, katibu asisubiri mkutano wa mwezi.

6. Hatua za kuchukua

Kuuliza waziwazi. Wengi huogopa kwamba kumuuliza mtu juu ya kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba sivyo. Aliye na wazo hilo hupumua anapopata mtu wa kumweleza.

Kusikiliza na kutomwacha peke yake. Mwenye mpango wa kujidhuru akae na mtu anayemwamini mpaka afikishwe kwa mhudumu wa afya. Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kwa Kisarawe ipo hospitali ya wilaya. Kwa Kibaha ipo Tumbi, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, iliyotokana na huduma za afya za Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Wenye maradhi mazito huweza kupelekwa mbele zaidi, Muhimbili au Mirembe huko Dodoma.

Kufunga ghala. Viuatilifu vya chama viwe chini ya kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana, na kila kinachotoka kiandikwe. Mkulima apewe kiasi cha kazi ya siku hizo, asilundike nyumbani. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama Tanzania, ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kwa awamu. Kutoka mwaka 1995, katika miongo miwili, kiwango cha kujiua kilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Watu hawakuwa wameishiwa na shida. Ila saa ya uchungu mkali hupita, na aliyenusurika katika saa hiyo aghalabu huishi.

Kufuatilia. Shirika la Afya Duniani liliongoza uchunguzi katika miji ya Brazili, India, Sri Lanka, Irani na China, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipewa, pamoja na huduma hiyo, mazungumzo ya saa moja, kisha likatembelewa au kupigiwa simu mara 9 katika miezi 18. Baada ya muda huo, katika kundi la kwanza waliokufa kwa kujiua walikuwa kama 22 kwa kila 1,000. Katika kundi la pili, 2 kwa kila 1,000. Kumjulia hali mtu mara 9 ni kazi ambayo chama chochote chaweza kuipanga kwa zamu.

Kutunza siri na heshima. Madeni yadaiwe, kwa kuwa fedha ni za wanachama wote. Lakini kudai ni jambo moja na kuaibisha ni jambo jingine. Mdaiwa aitwe ofisini, apewe hesabu yake, apangiwe upya inapowezekana. Na mwanachama aliyetibiwa asivuliwe uanachama wala kubandikwa jina la kichaa.

Kurudia elimu. Katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, madaktari walifundishwa mwaka 1983 na 1984 jinsi ya kutambua na kutibu sonona. Vifo vya kujiua vikapungua. Miaka michache baadaye, mafunzo yasiporudiwa, vikapanda tena. Somo hili lisisomwe mara moja na kufungiwa kabatini.

7. Sheria na aibu

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba, na mataifa mengine yamekwisha kufuta vifungu vyao. Mabadiliko ya sheria ni kazi ya Bunge na mahakama. Kazi ya wanachama ni kuhakikisha kwamba hofu ya sheria au ya majirani haimzuii yeyote kumpeleka mgonjwa hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hitimisho

Kanuni ya tano ya ushirika ni elimu, mafunzo na taarifa; ya saba ni kuijali jamii. Kanuni hizi husomwa katika kila semina, na watu hupiga makofi. Hupimwa kwa kweli siku ambapo mwanachama mmoja anakuja ofisini akiwa ametulia mno, na katibu anaamua ama kumpa risiti tu, ama kuweka kalamu chini na kumuuliza.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Katika chama chenu, ni mwanachama gani ambaye hajaonekana tangu msimu uliopita? Nani atakwenda kumjulia hali, na lini? (Majina yasitajwe kikaoni, kila mmoja afikirie anayemjua.)
2. Ufunguo wa ghala la viuatilifu uko kwa nani? Nani mwingine anaweza kuingia?
3. Majina ya wadaiwa husomwa vipi katika mikutano yenu? Ni njia gani nyingine ingelinda fedha za chama na heshima ya mtu kwa pamoja?
4. Katika mfano wa mwanachama wa Maneromango, ni mahali pangapi ambapo mtu angeweza kumsaidia mapema zaidi?
5. Mganga, imamu, mchungaji na mhudumu wa zahanati ya kijiji chenu waweza kushirikiana namna gani katika jambo hili?